Kandambili na Taa ya Mama Yake

Juzi nilikuwa jikoni nakaanga dagaa, mlango nimeusindika ili harufu isiingie kwenye mapazia, nikasikia mlio. Ulitoka sebuleni, kwenye simu yangu ambayo mwanangu Denis alikuwa ameichukua bila kuomba, kama kawaida yake. Vilikuwa vinoti vifupi vya kinanda cha bati, vinapanda, vinashuka, halafu vinarudia pale pale. Mkono wangu ukasimama. Dagaa waliungua nikiwatazama, na mimi siyo mtu wa kuunguza dagaa, muulizeni yeyote hapa Ruhuwiko.

Nilitoka na mwiko mkononi. "Nini hicho?"

"Katuni, Mama. Ya zamani. Ilianza gemu, halafu wakaitengenezea katuni."

Kwenye kioo cha simu alikuwa anapita yeye mwenyewe. Mfupi, kichwa kikubwa, joho la bluu, taa mkononi, na ile miguu mipana, bapa, inayopiga chini pata-pata. Nilikaa kwenye kochi. Denis akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia huyu namfahamu, anaitwa Kandambili. Akacheka hadi akalala chali, eti jina lake siyo hilo. Basi, kwenu nyie wenye intaneti siyo hilo. Kwetu sisi tuliokulia mtaa wa Majengo hakuwa na jina jingine.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu ruksa kuuza anachotaka, na Songea ikaanza kujaa vitu ambavyo hatukujua tunavihitaji. Mitumba, redio za kaseti, sabuni zenye harufu ya pipi. Kazi za watu zilikuwa zinafungwa wakati huohuo. Baba yangu alikuwa karani wa ushirika, anapima tumbaku ya wakulima, mpaka siku moja wakaambiwa wanunuzi binafsi wamekuja na mizani yao, asanteni sana, nendeni nyumbani. Akawa anashinda barazani amevaa shati lake la kazini, limepigwa pasi, hana pa kwenda.

Ndipo akaja Anko Jabiri kutoka Tanga, na televisheni, deki ya video na jenereta. Alipanga banda la mabati nyuma ya soko, akaziba nyufa zote kwa maturubai, akaweka mabenchi. Asubuhi lilikuwa banda la gemu, mchana la video. Ukiingia ulipigwa na harufu ya petroli, jasho la watoto, na vumbi linalopata moto nyuma ya televisheni.

Jabiri alikuwa mtu mwembamba, kanzu yake safi hata vumbi la Majengo liseme nini, na Kiswahili chake cha pwani kilitufanya sisi tuone aibu kufungua midomo. Video zote zilikuwa za Kiingereza, na ni nani pale aliyejua Kiingereza? Kwa hiyo alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anatafsiri papo hapo. Sauti ya mwanamke aliitoa puani, ya jambazi aliitoa tumboni. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kumsikiliza Jabiri, picha zilikuwa nyongeza tu.

Kwenye gemu hakutafsiri kitu, maana Kandambili alikuwa hasemi. Hakuwa hata na mdomo. Kichwa tu, na macho mawili meupe chini ya kofia ya joho. Gemu lilianza kwa picha moja: mkubwa anampa mdogo taa. Halafu mkubwa anatoweka, mdogo anaanza kutembea. Alitembea kuelekea mkono wa kulia, siku zote mkono wa kulia. Ukijaribu kumrudisha nyuma, ukingo wa kioo ulimzuia kama ukuta. Mbele kulikuwa na mashimo, popo, na maji meusi. Akianguka alikuwa na roho nyingine, akaanza upya na taa yake, wala halalamiki.

Mdogo wangu Fide alimpenda kupita kiasi. Hakuwa ameanza hata darasa la kwanza, ana kichwa kikubwa kwenye shingo nyembamba, na nadhani alijiona. Lakini kilichommaliza kabisa ni jambo moja. Ukiacha kubonyeza pedi, Kandambili alisimama kidogo, akaweka taa chini, akakaa. Kisha akakugeukia wewe uliye nje ya kioo, akapepesa macho. Anakungoja. Wenzetu wote walikuwa wanagombania pedi ili wafike mbali, Fide yeye akipata zamu yake alimwacha tu akae. Wanatazamana.

"Wee mtoto, cheza bwana!" watu walimfokea. "Unatumalizia umeme!"

"Amechoka," Fide alisema. "Mwacheni apumzike."

Waliotengeneza kile kidude walijua wanachofanya, jamani. Ni vidoti vya rangi tu, lakini mtoto unaona mtu anakungoja wewe, na wewe usipomsogeza hakuna mwingine wa kumsogeza.

Nyumbani Mama alikuwa anaumwa. Ulikuwa ugonjwa ule ambao Majengo nzima iliujua na hakuna aliyeutaja. Watu walisema "kifua", wakasema "amerogwa na wenye wivu", wakasema "homa za vipindi". Hata Denis akiniuliza bibi yake alikufa na nini, huwa namwambia kifua. Mama alikonda mpaka pete ya ndoa akaifunga kwa uzi kwenye kidole. Fide alichora Kandambili kwa mkaa ukutani, karibu na kitanda cha Mama, na nilitegemea achapwe. Mama akageuza kichwa taratibu, akamtazama yule mchoro.

"Huyu anakwenda wapi, baba?"

"Kwa mama yake."

"Mama yake yuko wapi?"

"Huko mbele. Hatujafika bado."

Na kweli, hakuna mtu Majengo aliyewahi kulimaliza lile gemu. Hatukujua huko mwisho kuna nini.

Hospitali ikasema mrudisheni nyumbani. Bibi yetu, Bi Tasila, akatuma watu wamchukue binti yake wampeleke kwake, kijijini upande wa Namtumbo, karibu na kanisa la kigango, akamuuguze mwenyewe. Tukamwambia Fide kwamba Mama amekwenda kwa Bibi kutibiwa, na siku ile ulikuwa ukweli. Halafu Mama akafa.

Mimi nilichukuliwa kwenda kuzika kwa sababu nilikuwa mkubwa kiasi. Fide aliachwa kwa jirani, Mama Shukuru, akaambiwa tunakwenda kuvuna mahindi. Tulipomaliza matanga tulinyolewa nywele wote, kama desturi, na tuliporudi Songea shangazi yangu Gaudensia, dada yake Baba, akamkalisha Fide kwenye kigoda akamnyoa na yeye.

"Kwa nini mnaninyoa?"

"Chawa," alisema Shangazi.

Akatuangalia, mimi kipara, Baba kipara. "Wote tuna chawa?"

"Wote."

Jioni Shangazi alinivuta sikio mpaka nyuma ya nyumba. "Mtoto mdogo hapewi msiba, umenisikia? Atashikwa na ugonjwa wa moyo. Akikuuliza, Mama anatibiwa. Ukifungua huo mdomo nitaushona." Hakuwa mtu mbaya Shangazi. Ndivyo alivyolelewa, na waliomlea walilelewa hivyo. Mkubwa analia chumbani, anafuta uso, anatoka anasema ni moshi tu.

Fide aliuliza siku ya kwanza, akauliza na ya pili. "Mama anarudi lini?" Akipona. "Atapona lini?" Mungu akipenda. Baba alikuwa anainuka anatoka nje kila akisikia swali. Baada ya hapo Fide hakuuliza tena. Sisi tukashukuru, tukasema watoto bwana, wanasahau upesi.

Ndipo siku moja ubao wa chaki mbele ya banda la Jabiri ukaandikwa kwa herufi kubwa: LEO LEO, KATUNI YA KANDAMBILI. ANASEMA!

Majengo ilichanganyikiwa. Anasema? Kandambili? Watoto walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya wengine. Kanda ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kufika Songea, rangi zinatetemeka, mistari inapita. Lakini alikuwa yeye, amenenepa, ameviringika vizuri, na chini ya kofia walimpa mdomo. Fide alikaa benchi la mbele kabisa, magoti yamegusana. Jabiri alipompa Kandambili sauti, hakuitoa puani wala tumboni. Alimpa sauti ya chini, ya mtoto mstaarabu. "Mama," ndilo neno la kwanza alilosema.

Na mama alikuwepo. Yule mkubwa wa picha ya kwanza ya gemu, kumbe alikuwa mama yake. Alikuwa amelala kwenye majani, taa kando yake, anasema maneno marefu polepole. Jabiri alianza kutafsiri, "Mwanangu, chukua taa hii…" halafu akanyamaza.

Mnajua, Jabiri alikuwa hanyamazi. Hata picha ikikatika aliendelea kusema. Lakini pale alinyamaza, kipaza sauti kinavuma, huku yule mama kwenye kioo anazidi kusema na mwanawe anamsikiliza. Nilimwona Jabiri anatazama benchi la mbele. Anatazama kile kipara cha mdogo wangu, nywele zimeanza kuchipua. Jabiri alikuwa amekuja msibani kule kijijini, alikaa na wanaume, alitoa rambirambi. Alijua.

Mama wa kwenye kioo akafumba macho. Taa ikafifia.

"Amekufa huyo, Anko!" kijana mmoja alipiga kelele nyuma.

"Nani anatafsiri hapa, mimi au wewe?" Jabiri alifoka. "Mimi ndiye ninayesikia Kiingereza. Amelala. Kachoka, anapumzika. Wallahi amelala tu!"

Na tangu hapo akaendelea kwa haraka, sauti imepanda, mzaha juu ya mzaha, popo aliwapa lafudhi ya askari wa mgambo, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mwisho Kandambili alifika kwenye nyumba ndogo yenye moshi. Mlango ukafunguliwa, akatokea mwanamke mwenye mgongo uliopinda kidogo, akamshika mkono. Wakasema sana. "Huyu ndiye mama yake," Jabiri alitangaza. "Kaamka, kapona, katangulia nyumbani kumpikia. Haya, imekwisha, tokeni, wengine wanangoja!" Akazima televisheni kabla picha haijaisha vizuri, watu wakazomea.

Tulipokaribia nyumbani Fide akanishika kidole.

"Dada, Anko Jabiri anajua Kiingereza?"

"Anajua."

"Chote?"

"Chote," nilimjibu, na nilikuwa naamini.

Siku mbili tatu zikapita. Asubuhi moja niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Tulidhani yuko kwa Mama Shukuru. Hayupo. Bandani hayupo, sokoni hayupo, mtoni Baba alikwenda akashindwa hata kuita jina, anatazama maji tu. Niliporudi ndani nikaona koroboi letu halipo mezani. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ukisimama mlangoni kwetu, barabara ya Namtumbo ilikuwa mkono wa kulia. Nikapiga yowe. Jabiri alikuwa amefunga banda anatafuta na wengine, kanzu imelowa jasho, amepoteza kiatu kimoja. Nilimwambia mbele ya watu wote: "Wewe ulimwambia mama yake yuko mbele! Ameondoka na taa!" Yule bwana alikaa chini barabarani, kwenye vumbi, na ile kanzu yake.

Habari zilitufikia kesho yake jioni, zimeletwa na dereva wa lori. Malori siku zile yalitoka Songea matupu kwenda kubeba tumbaku vijijini, na utingo wake alikuwa amemwona mtoto nje ya mji, anatembea pembeni ya barabara, ana koroboi mkononi lisilo na mafuta, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Walimuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa Bi Tasila, kwenye kigango. Ilikuwa kawaida mtoto kutumwa kwa ndugu, wakampakia, wakamshusha pale pale kigangoni.

Mimi na Baba tulifika mchana. Tumbaku ilikuwa inakaushwa, moshi umelala juu ya kijiji kizima, unakata macho. Fide alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la Mama, ambalo lilikuwa bado udongo mtupu, na juu yake sufuria na kikombe chake alichokuwa anatumia, vimetobolewa kama ilivyo desturi. Alikuwa ameweka koroboi chini. Amekaa. Bibi amekaa karibu naye, miguu ameinyoosha, anatwanga ugoro wake, wala hamsemeshi.

Fide alitugeukia, akapepesa macho.

"Baba," alisema taratibu, kama mtu anayemletea mwenzake habari mbaya, "Mama alikufa. Bibi ameniambia."

Baba yangu, ambaye hakutoa chozi mazishini, ambaye hakutoa chozi kazi ilipoota mbawa, alipiga magoti akalia kwa sauti mpaka watu wakatoka mashambani. Mtoto ndiye aliyemwekea mkono begani.

Hakurudi Songea. Baba alimbembeleza, akamtishia, Fide akaushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Bibi akasema mwacheni. Wakamwacha, wakafikiri ni kwa mwezi mmoja. Mpaka leo yuko kule, ni fundi wa kuchomelea, anaishi kwenye nyumba ile ile. Nilimzika Mama kisha nikapoteza mdogo wangu aliye hai. Tunakutana Krismasi kama wageni, shikamoo dada, marahaba, watoto hawajambo. Baba alipofariki ni yeye aliyenipigia simu, na hakuzungusha: "Dada, Baba amekufa. Kaa chini kwanza." Jabiri alifunga banda mwaka ule ule akaondoka. Nilimchukia miaka na miaka. Nilijua mimi kwamba uongo wake ndio uliomtia mtoto barabarani.

Sasa juzi, na dagaa wangu wamekuwa mkaa, nikamwambia Denis asogee, airudishe ile katuni mwanzo. Mimi ni mwalimu, Kiingereza nakisikia. Nikamsikiliza yule mama kwenye majani, maneno yale ambayo Jabiri aliyanyamazia. Anamwambia mwanawe: mimi siamki tena, siyo kosa lako, chukua taa uende kwa bibi yako, yeye atakwambia yote utakayouliza. Na yule mwanamke wa mwisho, mwenye mgongo uliopinda, hakuwa mama. Alikuwa bibi. Anamshika mkono, anampeleka nyuma ya nyumba, anamwambia, mama yako amekufa, yuko hapa. Kandambili anaweka taa chini. Anakaa. Anamtazama mtazamaji, anapepesa macho, na bibi anakaa naye. Ndiyo picha ya mwisho, ambayo Jabiri aliizima.

Tulikuwa na banda zima la watoto pale, na yeye Fide benchi la mbele, na rafiki yake wa pekee, Kandambili, yuko tayari kumwambia polepole kitu ambacho ukoo mzima ulishindwa. Angelia akiwa na mwenzake. Tukamnyang'anya hata nafasi hiyo.

Nikampigia Fide simu. Nilisikia mashine yake ya kusagia chuma inazimwa. Nikamweleza haraka haraka, kwamba Jabiri alitudanganya, kwamba ndiyo maana yeye Fide aliingia njiani na koroboi, kwamba pale mwisho alikuwa bibi.

"Dada," akasema, "mimi Jabiri hakunidanganya. Alinyamaza. Nilimsikia aliponyamaza, nikajua. Hata ile siku ya chawa nilikuwa najua, nilikuwa sina hakika tu."

"Sasa mbona ulikwenda? Mtoto mdogo vile, peke yako?"

"Nyumbani mlikuwa mnanidanganya wote, na wewe pia. Nikawaza kwa Bibi ni mbali. Labda yeye hajaambiwa anidanganye."

Nikasikia anavuta pumzi, mtu mzima, baba wa watoto watatu.

"Kwa hiyo mwisho anakaa?" akauliza. "Kwenye katuni?"

"Anakaa. Anaweka taa chini, anakaa na bibi yake."

"Ahaa," alisema. "Afadhali." Na akakata simu, maana alikuwa na wateja.

Denis alikuwa amesimama mbele ya uso wangu uliolowa, hajui ashike wapi. "Mama, unalia nini?"

Moshi ulikuwa bado umejaa nyumba nzima, sababu niliyokuwa naihitaji ilikuwa inaning'inia hapo juu ya vichwa vyetu, na mdomo wangu ulikwishaanza kuitamka. Nikaimeza. Nikasogea kwenye kochi nikampa nafasi.

"Namlilia mama yangu," nilimwambia. "Kaa hapa, nikwambie alikufa na nini."